Mzaliwa wa Nje Kwenye Dawati la Urais: Huduma ya Kenya na ya Tanzania Tumeipima

Mtoto aliyezaliwa Minneapolis kwa mama Mkenya anaweza, akikua, kuchukua fomu ya urais wa Kenya. Mtoto aliyezaliwa Maskati kwa baba na mama Watanzania hawezi kuchukua fomu ya urais wa Tanzania, hata akirudi Tanga akiwa na miezi sita na asiondoke tena maisha yake yote. Kinachowatenganisha ni maana ya maneno matatu, "raia wa kuzaliwa", na nchi mbili jirani zinayasoma kila moja kwa namna yake. Huduma tunayoipima hapa ni ile inayoyatafsiri maneno hayo kuwa karatasi: ofisi za uraia upande mmoja, tume za uchaguzi upande wa pili. Tunaipima kwa kuuliza inamfanyia nini mtu aliyezaliwa nje ya mipaka na anayetaka kuongoza nchi yake.

Tuanze na Kenya, kwa kuwa huko msingi umewekwa vizuri zaidi. Ibara ya 14(1) ya Katiba ya 2010 haijali mahali. Inauliza jambo moja tu: siku mtu alipozaliwa, je, baba au mama yake alikuwa raia wa Kenya? Kama jibu ni ndiyo, huyo ni raia wa kuzaliwa, awe amezaliwa Kitale, Leicester au ndani ya meli. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 kinapunguza kidogo: kwa aliyezaliwa nje, mzazi mwenyewe awe raia wa kuzaliwa, wala si wa kuandikishwa (aliyepewa uraia kwa maombi). Masharti ya mgombea urais yako Ibara ya 137, na la kwanza ni hilohilo la uraia wa kuzaliwa. Kwa hiyo mzaliwa wa nje mwenye mzazi Mkenya wa kuzaliwa hazuiwi na chochote kwenye maandishi. Tunaipa Kenya alama nzuri hapa bila kusita.

Taabu huanzia kwenye ushahidi. Maombi huanzia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na hati asili huonyeshwa ofisini au ubalozini. Wengi hukwama kwenye kosa moja: huleta kitambulisho cha sasa cha mzazi. Kitambulisho kilichotolewa mwaka 2019 hakithibitishi kwamba mzazi alikuwa raia mtoto alipozaliwa mwaka 1994. Kinachotakiwa ni mnyororo usiokatika: cheti cha kuzaliwa cha mwombaji kutoka nchi aliyozaliwa kikiwa na jina la mzazi Mkenya, cheti cha kuzaliwa cha mzazi huyo, na kitambulisho au pasipoti ya mzazi iliyotolewa kabla ya mtoto kuzaliwa. Kama mama alibadili jina alipoolewa, cheti cha ndoa ndicho kiungo kati ya jina la ubini lililo kwenye cheti chake na jina lililo kwenye cheti cha mwanawe. Kama herufi zinapishana (Wanjiku hapa, Wanjiko pale), tengeneza hati ya kiapo mapema, wala usingoje afisa akurudishe. Cheti kisicho cha Kiingereza wala Kiswahili kiende na tafsiri iliyothibitishwa.

Kuna kundi moja ambalo hujibiwa vibaya, nalo ni wale ambao mzazi alichukua uraia wa nchi nyingine kabla ya 2010. Katiba ya zamani haikuruhusu uraia wa nchi mbili. Mzazi aliyekula kiapo Canada mwaka 1999 na kuzaa mwaka 2003 alihesabiwa kuwa ameshapoteza uraia wa Kenya siku mtoto alipozaliwa. Ukisoma Ibara ya 14(1) peke yake, mtoto huyo anaanguka. Lakini Ibara ya 14(2) ipo kwa ajili yake: kwa waliozaliwa kabla ya Katiba kuanza kutumika, tarehe 27 Agosti 2010, inatosha kwamba mzazi "ni au alikuwa" raia. Maneno hayo ndiyo yanayomwokoa mtoto wa 2003. Atakayekuja dawatini na historia ya namna hii aandike namba ya ibara hiyo kwenye barua yake ya maombi, aitaje wazi, asitegemee kwamba itakumbukwa kwa niaba yake.

Hatua inayofuata ndiyo inayowaangusha wenye nia ya siasa. Uraia wa nchi mbili unaruhusiwa kwa Mkenya wa kuzaliwa (Ibara ya 16), ila sheria inamtaka autangaze ndani ya miezi 3 tangu aupate, na kutotangaza ni kosa lenye adhabu ya faini au kifungo. Kuwa na uraia wa nchi mbili na kushika wadhifa wa dola ni mambo mawili tofauti. Ibara ya 78 inamkataza ofisa wa dola kuwa na uraia wa nchi nyingine, na inaachia milango miwili tu: majaji na makamishna wa tume, na mtu aliyefanywa raia wa nchi nyingine na sheria ya nchi hiyo bila uwezo wa kukataa. Mlango huu wa pili ulijaribiwa mwaka 2019, Bunge lilipomtaka Mwende Mwinzi, aliyezaliwa Marekani na kuteuliwa balozi wa Korea Kusini, aukane uraia wa Marekani kwanza, naye akaenda mahakamani. Kwa anayelenga urais tunashauri asiutegemee mlango huo hata kidogo. Ibara ya 137(2) inamwondoa mgombea yeyote mwenye utiifu kwa dola ya kigeni, na inamwondoa kwenye uteuzi, si kwenye kuapishwa. Sheria ya Uongozi na Maadili ya 2012, kifungu cha 31, inasema asishike ofisi kabla ya kuukana uraia ule mwingine. Wanasheria wa vyama husoma kifungu hicho wakadhani kuna muda hadi baada ya ushindi. Kwa mbunge hoja hiyo inaweza kubishaniwa. Kwa mgombea urais ni hatari tupu.

Kwa hiyo mtu aanze lini? Raia wa Marekani huukana uraia wake nje ya Marekani, kwa kiapo mbele ya ofisa wa ubalozi, kisha hungoja cheti cha kupoteza uraia kiidhinishwe Washington, na kungoja huko kunaweza kula miezi. Uingereza hutumia tamko la maandishi linalopelekwa wizarani na kusajiliwa, na uraia hukoma siku ya kusajiliwa, si siku ya kutia sahihi. Hesabu mwaka mzima kabla ya siku ya uteuzi. Ukipata cheti, tengeneza nakala zilizothibitishwa na moja ikae Nyayo House, ofisi za Uhamiaji Nairobi, kwenye faili lako.

Halafu kuna sharti ambalo karibu kila mtu hulisahau. Mgombea urais lazima awe na sifa za kugombea ubunge, na Ibara ya 99(2) inamkataa asiyekuwa raia wa Kenya kwa angalau miaka 10 mfululizo kabla ya uchaguzi. Chukua Mkenya aliyepoteza uraia mwaka 1998 kwa kuchukua wa Canada, akaurejesha chini ya Ibara ya 14(5) mwaka 2019. Je, miaka 10 inahesabiwa kuanzia alipourejesha, au hakuwahi kukatika? Desemba 2018 Mahakama Kuu, Nairobi, iliamua katika shauri la Miguna Miguna, wakili na mwanasiasa, kwamba hakuwa amepoteza uraia wake wa kuzaliwa alipochukua wa Canada. Uamuzi huo unasaidia sana, lakini fomu ya kurejesha uraia inaandikwa kana kwamba uraia ulipotea, na mwombaji hutia sahihi yake chini ya maneno hayo. Mpinzani mwerevu atakuja kuitumia karatasi hiyohiyo. Huu ni upungufu wa huduma: fomu ingekuwa na kisanduku cha "ninathibitisha uraia ambao sikuupoteza" kando ya "ninaomba kurejeshewa", tatizo lingekwisha.

Kwenye Tume ya Uchaguzi, IEBC, hesabu iko wazi: sahihi 2,000 za wapiga kura kutoka kila kaunti, katika kaunti zisizopungua 24 kati ya 47, yaani 48,000 kwa uchache. Kusanya zaidi, maana sahihi zenye namba za vitambulisho zisizolingana na daftari hutupwa. Ada mwaka 2022 ilikuwa shilingi 200,000, nusu yake kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Shahada ya chuo kikuu kinachotambuliwa ni lazima, na ya chuo cha nje ipitie kwanza kwenye tume ya elimu ya vyuo vikuu ili itambuliwe. Aliyesoma nje ahesabu muda wa hilo pia.

Uraia wenyewe ndio unaokaguliwa kijuujuu kuliko yote. Kitambulisho cha Kenya hakielezi uliupataje uraia: wa kuzaliwa na wa kuandikishwa hushika kadi ileile. Matokeo yake swali haliulizwi dawatini, linaulizwa kwa pingamizi wakati kampeni zimeshaanza, au kwa shauri la Mahakama ya Juu baada ya kura. Huko mlalamikaji ana siku 7 tu za kufungua na majaji siku 14 tu za kuamua. Siku 14 hazitoshi kuitisha faili la kuzaliwa kutoka nchi nyingine. Tungependa kuona Idara ya Uhamiaji ikitoa hati ya hadhi ya uraia kwa kila mtarajiwa wa urais, miezi 6 kabla ya uteuzi, na anayeipinga aipinge hapohapo.

Kabla hatujaondoka Kenya, tazama Kwale. Wamakonde waliletwa kwenye mashamba ya mkonge na miwa tangu enzi ya ukoloni, wakazaa na kuzikana huko. Hadi waliposafiri kwenda Nairobi mwaka 2016 kudai haki yao hawakuwa na vitambulisho. Waliandikishwa kuwa raia. Wapemba wa Kilifi walifuata mwaka 2023. Huu ni uraia wa kuandikishwa, na Ibara ya 137 inauacha nje. Tizama familia moja: mtoto wa Kimakonde aliyezaliwa Kwale mwaka 2012, kabla wazazi hawajaandikishwa, si raia wa kuzaliwa kwa maandishi ya 14(1), mdogo wake aliyezaliwa mwaka 2018, baada ya wazazi kuandikishwa, ni raia wa kuzaliwa. Dada yao mkubwa wa mwaka 2005 anaweza kudai kwa 14(2), kwa kuwa mzazi wake "ni" raia. Watoto watatu, nyumba moja, hadhi tatu. Tunaisema hii kwa uchungu, kwa sababu hakuna hata mmoja wao aliyezaliwa nje.

Sasa Tanzania. Ibara ya 39(1) inataka mgombea urais awe raia wa kuzaliwa kwa mujibu wa Sheria ya Uraia, awe ametimiza miaka 40, na awe amependekezwa na chama cha siasa. Sheria ya Uraia ya 1995 inagawa raia makundi matatu: wa kuzaliwa, wa kurithi na wa tajnisi (mgeni aliyeomba uraia akapewa). Aliyezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano ni wa kuzaliwa. Aliyezaliwa nje na mzazi raia ni wa kurithi, na urithi huo huishia kizazi kimoja. Hapo ndipo mtoto wa Maskati anapoachwa. Na tazama ukali wake: Oman haimpi uraia mtoto kwa kuzaliwa katika ardhi yake tu. Mtoto huyo hana nchi nyingine duniani isipokuwa Tanzania. Hana utiifu wa pili wa kuukana. Hata hivyo sheria inamtoa kwenye foleni ya urais kwa sababu mama yake alijifungulia hospitali ya ugenini.

Kwa maandishi, kifungu cha 5 cha sheria hiyo kinatazama ardhi. Kwa utendaji, ofisa wa Uhamiaji hutazama wazazi. Anayeomba pasipoti huambiwa alete cheti chake na cha mzazi, au hati ya kiapo. Wenye asili ya mikoa ya mpakani (Kagera, Kigoma, Mtwara) huulizwa zaidi ya wengine. Mwaka 2001 serikali ilitangaza kwamba Jenerali Ulimwengu (Jenerali ni jina lake, si cheo), mwandishi na mtumishi wa umma wa miaka mingi, si raia. Alilazimika kuomba tajnisi. Mtu wa hadhi hiyo akikosa karatasi ya mzazi anaweza kuanguka. Mkulima wa Ngara atasimama na nini? Kwa hiyo kwa Mtanzania ushauri ni uleule wa Kenya na zaidi: cheti cha kuzaliwa cha mzazi kitafutwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, wakati mzazi yuko hai na anaweza kutoa maelezo.

Dawati la Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, Dodoma, lina masharti machache kuliko la Nairobi: wadhamini 200 katika kila mkoa, mikoa isiyopungua 10, miwili kati yake ya Zanzibar, dhamana ya shilingi 1,000,000, na tamko mbele ya jaji. Mgombea huapa kwamba ana sifa, basi. Mwenye pingamizi hulipeleka Tume ndani ya muda mfupi sana. Akishatangazwa mshindi, Ibara ya 41(7) inazuia mahakama yoyote kuchunguza kuchaguliwa kwake. Hivyo dakika pekee ya kuupima uraia wa mgombea ni ile ya uteuzi, na ni kiapo chake mwenyewe kinachopimwa. Kwa sharti lililofanywa kuwa la kwanza kwenye Katiba, huo ni ukaguzi hafifu.

Watu huleta hoja ya hofu: mtu wa nje atauza nchi. Tunaiheshimu hofu hiyo, maana mipaka yetu imeona vita na wakimbizi. Lakini angalia imemnasa nani. Zambia ilibadili Katiba mwaka 1996 na kudai wazazi wote wawili wawe Wazambia. Ikamzuia Kenneth Kaunda, aliyezaliwa Chinsali na kuiongoza nchi hiyo miaka 27, kwa kuwa wazazi wake walitoka Malawi. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, muswada ulioitwa wa Tshiani, kwa jina la mwanasiasa aliyeubuni, ulitaka baba na mama wote wawe Wakongomani. Kila mtu Lubumbashi alijua unamlenga Moïse Katumbi, mwanasiasa wa upinzani, aliyezaliwa Kashobwe kwa baba mwenye asili ya Ugiriki. Haukupita, Mahakama ya Katiba ikalikataa pingamizi dhidi yake Oktoba 2023, naye akagombea. Côte d'Ivoire ilimwondoa Tidjane Thiam, kiongozi wa upinzani, kwenye daftari la wapiga kura Aprili 2025 kwa uraia wa Ufaransa aliouchukua mwaka 1987, ingawa alishaukana Machi. Wote watatu walizaliwa ndani. Kipimo cha kuzaliwa kinafika haraka sana kwa babu na jina la ukoo, na mwenye nguvu ndiye anayeamua kinaishia wapi.

Msimamo wetu basi, na tunausimamia: mzaliwa wa nje mwenye mzazi raia aruhusiwe kugombea bila sharti la ziada, na aliyeandikishwa au kupewa tajnisi aruhusiwe baada ya miaka 20 ya uraia, mradi hana uraia mwingine na ameishi nchini miaka 10 ya mwisho. Kipimo cha miaka si kigeni. Kenya tayari inatumia miaka 10 kwa ubunge. Marekani, ambako sharti la kuzaliwa limeandikwa tangu 1787, seneta Orrin Hatch alipendekeza miaka 20 mwaka 2003. Pendekezo lilikwama, lakini hesabu yake ni ya busara. Tanzania ilitoa uraia wa tajnisi kwa zaidi ya wakimbizi 160,000 wa Burundi wa mwaka 1972, wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Ibara ya 67 inawaruhusu kuwa wabunge. Mtu anayeaminiwa kutunga sheria miaka 20 ameshapimwa kuliko mtu aliyezaliwa ndani akaishi ughaibuni maisha yake yote.

Marekebisho yenyewe si makubwa. Zambia ilipoandika upya mwaka 2016 iliweka "kwa kuzaliwa au kurithi". Tanzania inahitaji maneno mawili tu, "au kurithi", kwenye Ibara ya 39(1)(a), na theluthi mbili ya wabunge. Kenya, muhula wa Rais umo kwenye orodha ya Ibara ya 255 inayodai kura ya maoni, lakini sifa za mgombea hazimo. Theluthi mbili ya Mabunge mawili inatosha, na siku 90 kati ya kusomwa mara ya kwanza na ya pili.

Wakati hayo yakingojewa, mzazi aliye Maskati, Doha au Minneapolis afanye haya mwaka huu. Mtoto asajiliwe ubalozini kwa majina yaleyale, herufi kwa herufi, yaliyo kwenye cheti cha hospitali. Pasipoti ya mzazi iliyokuwa hai siku hiyo isitupwe inapokwisha muda. Ikatwe pembe na kurudishwa nyumbani. Cheti cha ndoa kikae nayo kwenye bahasha moja. Mtoto mwenye pasipoti ya pili, kama ni Mtanzania, mzazi aweke alama kwenye kalenda siku atakapotimiza miaka 18, kwa kuwa hapo sheria inamtaka achague, na akinyamaza, sheria itamchagulia.